Ukisubiri basi Msamvu, mpe mtoto penseli

KWA wasafiri wengi, Msamvu ni dakika chache tu. Basi linaingia stendi, kondakta anatangaza muda wa kuchimba dawa, na kabla gari halijasimama vizuri madirisha yameshazungukwa: maji baridi, korosho, karanga, mayai ya kuchemsha, machungwa yaliyomenywa. Mkono mmoja unashusha noti, mwingine unapandisha mfuko. Kisha basi linaondoka, na abiria anabaki na korosho zake bila kukumbuka sura ya aliyemuuzia.

Stendi hii ipo kwenye njia panda kubwa ya mji wa Morogoro, takriban kilomita 190 kutoka Dar es Salaam. Hapa ndipo barabara ya Dodoma na ile ya Iringa zinapoachana, na njia nyingine inaingia mjini. Wanaokwenda Mbeya, Songea, Singida au Mwanza hupita hapa, na wanaokwenda Ifakara au Kilosa hubadilisha magari hapa. Ndiyo maana hazikosekani familia zilizokaa saa nzima au zaidi, mabegi miguuni, mtoto mmoja analala na mwingine anauliza kila baada ya dakika tano, "Basi linakuja lini?"

Saa hiyo ndiyo wazazi wengi humpa mtoto simu ili atulie. Daftari na penseli vinaweza kufanya kazi hiyo hiyo, na faida yake ni kubwa zaidi. Msamvu ni mahali pazuri kuliko madarasa mengi pa kumfundisha mtoto kuchora picha ndogo za maisha ya kila siku, na kwa njia hiyo kumfundisha kuwatazama watu ambao wengi wetu tumezoea kuwapita.

Nyumba, jua na bendera

Mwanafunzi wa shule ya msingi akiambiwa achore picha anayoitaka, mara nyingi ataleta nyumba yenye paa la pembetatu, jua kwenye kona, ua moja na bendera. Mtu akiwepo, ni duara na vijiti vinne. Mtoto huyo huyo kila asubuhi anamwona mama anayekaanga maandazi jirani na shule. Anamjua anavyokaa, anavyogeuza maandazi kwa kijiti, anavyofunga kanga kiunoni moshi ukimzidi. Hamchori kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mama huyo anafaa kuwa picha.

Wachoraji wakubwa walilijua hilo zamani. Katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum mjini Amsterdam kuna picha ya Johannes Vermeer ya karne ya 17. Inamwonyesha mtumishi wa jikoni akimimina maziwa kutoka kwenye mtungi. Hakuna kingine kinachotokea. Picha yenyewe ina urefu wa sentimita 45 na nusu na upana wa sentimita 41, karibu sawa na sinia la kupelekea chai wageni. Watu husafiri kutoka pande zote za dunia kwenda kumtazama mfanyakazi wa ndani ambaye jina lake halikuandikwa popote kwenye picha hiyo.

Hapa kwetu yupo Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, akasoma Makerere na baadaye katika chuo cha sanaa cha Slade, London. Aliiwakilisha Tanganyika nchini Uingereza kama Balozi mara baada ya Uhuru. Mtu wa cheo kama hicho angeweza kuchora wakubwa na sherehe zao. Yeye alichora wanakijiji: watu shambani, watu sokoni, watu wakifanya kazi pamoja kati ya migomba. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imehifadhiwa katika Museum of Modern Art, New York.

Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia mbao nyembamba za kufungia dari na rangi ya mafuta yenye kung'aa, ile ya kupakia baiskeli. Jina la Morogoro limo katika historia yake, maana picha zake aliziuza nje ya duka lililoitwa Morogoro Stores, Oysterbay, na eneo hilo ndilo makao ya ushirika wa wachoraji wenye jina lake. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo aliouanzisha umelisha familia nyingi hadi leo.

Watalii huulizia zaidi tembo, twiga na chui, kwa hiyo hao ndio wanaojaa madukani. Hata hivyo, ndani ya mtindo huo huo wapo waliochora hospitali yenye foleni, kijiji chenye ngoma na soko lenye kelele. Marehemu Mohamed Charinda ni mmoja wa waliojulikana kwa picha za maisha ya kijijini. Wasomaji wa magazeti wenye umri mkubwa nao watamkumbuka Chakubanga, yule mhusika wa katuni za Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye shida za kawaida, na nchi nzima ilijiona ndani yake.

Siku moja na siku nyingine zote

Jina la Msamvu lilisikika dunia nzima Agosti 10, 2019. Lori la mafuta lilipinduka jirani na hapa, watu wakakusanyika, na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, wakiwamo waendesha bodaboda na wakazi wa maeneo ya karibu. Taifa liliomboleza kwa siku tatu.

Picha zilizosambaa kwenye simu siku hizo zilikuwa za moshi na miili. Wengi walizituma bila kufikiri kwamba mtoto wa marehemu angeweza kuzipokea. Kwa mtu wa mbali, wale waliokufa walibaki kuwa idadi na moto. Hakuna picha iliyomwonyesha kijana wa bodaboda jana yake asubuhi, amelalia tanki la pikipiki akisubiri abiria, au akifuta kioo cha pembeni kwa pindo la shati.

Hapo ndipo picha ndogo za maisha ya kila siku zinapokuwa na uzito. Watu maarufu wana wapigapicha wao. Mama lishe, mpiga debe na muuza karanga hupigwa picha siku wanapopatwa na balaa. Anayewachora siku ambayo hakuna lililotokea anawapa heshima ambayo habari za magazetini haziwezi kuwapa. Mtoto akilielewa hilo mapema, hata namna anavyoishika simu mahali pa ajali itakuwa tofauti.

Aanze na mtu mmoja, kazi moja

Mtoto akiangalia stendi nzima atachanganyikiwa. Mzazi amsaidie kuchagua mtu mmoja anayefanya kazi moja. Ukurasa wa daftari ukigawanywa mara nne unatosha kabisa: kila kipande picha moja. Kwenye nafasi ndogo mtoto haogopi, na akikosea anahamia kipande kinachofuata.

Kwanza atazame mwili umekaaje kabla ya kuanza na uso. Anayebeba ndoo ya maji begani huinama upande mmoja, na mkono wa pili huenda mbali kutafuta mizani. Mpiga debe hutanguliza kifua na mkono mmoja juu. Mama aliyekaa chini akimenya machungwa amekunja miguu, magoti nje, beseni katikati. Mstari mmoja wa mgongo ukikaa sawasawa, mtu anatambulika hata kabla hajapata macho.

Baada ya hapo, mikono na kilichomo mikononi. Muuza karanga ana kipimo chake na vifuko alivyokwisha kufunga. Ganda la chungwa linashuka kama utepe. Fundi viatu ana sindano, uzi na kiatu kimoja, na mwenye kiatu amesimama pembeni kwa mguu mmoja. Vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyosema huyu ni nani na anaishije.

Mwisho, aongeze alama ya mahali. Kwa Msamvu ni rahisi: milima ya Uluguru ipo pale pale, buluu, mara nyingi ikiwa na wingu kichwani. Mistari miwili nyuma ya mtu inatosha, na yeyote wa Morogoro atajua ni wapi.

Kama mtoto ana rangi, anaweza kufuata hatua za wachoraji wa Tingatinga: kwanza eneo lote la nyuma lipakwe rangi moja na likauke, ndipo maumbo yafuate, na mambo madogo madogo yawekwe mwisho.

Salamu kabla ya penseli

Kumchora mtu kuna adabu yake. Kumkodolea macho mtu mzima ni utovu wa heshima, na kumpiga picha kwa siri ili mtoto akamchore nyumbani ni vibaya zaidi. Njia ni salamu. Mtoto aende na mzazi, amwamkie: "Shikamoo bibi. Naomba nikuchore ukiuza ndizi." Akijibiwa "Marahaba mjukuu wangu, chora," kazi inaanza. Akikataa, basi, wanashukuru na kuondoka. Kununua chochote kidogo ni uungwana, maana muda wa mfanyabiashara ni fedha yake.

Picha ikiisha, aonyeshwe. Pengine atacheka na kusema pua si yake. Pengine atauliza kwa nini hakuchorewa hereni. Mtoto atasahihisha, na kwa dakika hizo mbili mteja na muuzaji watakuwa wamezungumza kama majirani. Usalama nao usisahauliwe: mtoto akae mbali na njia ya magari, na mzazi awe karibu muda wote. Stendi haina mchezo.

Ndizi zimetoka wapi

Familia yenye siku moja ya ziada inaweza kuyafuata mazao hadi yanakotoka. Daladala kutoka Msamvu zinafika katikati ya mji, karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu, na kutoka mjini zipo njia za miguu zinazopanda mlimani, ikiwamo ile ya Morningside. Kilele cha Lupanga kilicho juu ya mji kina mita 2,138. Hakuna haja ya kukifikia. Nusu saa ya kupanda inatosha kukutana na wanawake wanaoshuka na mikungu ya ndizi na vikapu vichwani, shingo zimenyooka, miguu ikijua kila jiwe.

Wenye muda zaidi hufika Mgeta, kwa barabara inayochepuka kutoka ile ya Iringa pale Sangasanga. Huko miteremko imekatwa matuta kama ngazi, na kabichi, karoti na njegere hulimwa mahali ambapo mgeni anaona taabu hata kusimama. Kwa desturi ya Waluguru, ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Mwanamke anayeonekana amebeba mzigo mzito huenda anatoka kwenye shamba la ukoo wake mwenyewe. Mtoto anayelijua hilo hatamchora kama mtu wa kuhurumiwa.

Zoezi zuri ni picha mbili kwenye ukurasa mmoja: kabichi ikiwa kwenye tuta mlimani, na kabichi hiyo ikiwa kwenye tenga stendi. Katikati yake mtoto ataona mwenyewe kwamba kuna watu wengi, na kila mmoja anastahili kipande chake cha karatasi.

Stendi inabadilika

Tangu Juni 14, 2024, treni ya umeme ya SGR inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa chini ya saa mbili, na mwaka huo huo ilifika Dodoma. Ni nafuu kubwa kwa wenye watoto. Lakini kwenye treni hakuna anayekimbia sambamba na dirisha akiwa na beseni la mayai kichwani. Kadiri wasafiri wanavyohama, biashara ya dirishani nayo itatafuta namna nyingine ya kuishi, kama ilivyokuwa kwa kazi nyingi zilizotoweka bila mtu kuzichora.

Kwa hiyo nyuma ya kila picha mtoto aandike tarehe, mahali na kazi aliyoikuta: "Msamvu, Jumamosi, bibi anauza ndizi." Kama bibi ameridhia kutaja jina, liandikwe pia. Picha ziwekwe kwenye bahasha moja pamoja na vyeti vya shule, mahali ambapo familia huweka vitu isivyotaka vipotee.