Radhi Tuliyoitaka Khartum

Mama zetu na dada zetu, desturi ya Mwambao ni kwamba msafiri hutakana radhi na watu kabla ya kufunga mzigo. Sisi tulipokuwa tukiiaga Sudan mwaka 1996, baada ya miaka minne ya kutafuta elimu, mzigo ulikwisha fungwa, lakini palikuwa na mtu mmoja ambaye hatukuwa na uso wa kumwendea.

Alikuwa mama muuza chai. Katika Khartum ya siku hizo, penye kivuli hukosi mama kama huyo, na kiti chake kifupi, seredani ya makaa na gilasi ndogo ndogo. Tukimwita Hajja, kama Wasudani wamwitavyo kila mwanamke mtu mzima. Chai yake tukiinywa kwa mkopo, kwani pesa za nyumbani zilikuwa hazifiki kwa wakati.

Siku moja, huku akipepea makaa, alikuwa akisoma Alhamdu. Alipofika kwenye "Maaliki" akasoma "Maliki", bila ya kuvuta. Nasi, kijana wa madrasa aliyejiona ameshiba elimu, tukamsahihisha mbele ya wateja. Hakujibu neno. Akatuongeza sukari.

Jioni tukamhadithia mwalimu wetu kama kichekesho. Mwalimu hakucheka. Akatueleza kwamba Wasudani wamerithi kisomo cha Abu Amr wa Basra kwa mapokezi ya Imamu ad-Duri, na humo neno lile halivutwi. Sisi huku twasoma kwa mapokezi ya Hafs. Visomo vyote viwili vimepokewa kwa sanadi sahihi. Mama yule alisoma kama alivyofunzwa na babake, mtu wa khalwa, vile vyuo vyao vya Qurani ambako watoto huandika kwenye mbao na kudurusu usiku kwa mwanga wa moto. Tulikuwa tumemkosoa aliyepatia.

Haya ikatushika. Tukaendelea kunywa chai yake miezi mingi bila ya kulitaja jambo lile, na udhaifu huo twaukiri.

Siku ya mwisho, baada ya Alasiri, tukaenda, tukalipa deni, tukataka radhi. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa ncha ya vazi lake. "Mwanangu, nilikusamehe kabla chai haijapoa. Haya, nisomee kwa kisomo changu." Tukasoma, tukakosea mara mbili, naye akatusahihisha mbele ya wateja. Tulipoinuka alituambia, "Fi amanillah."

Wasichana tunaowasomesha leo hutushangaa: mmoja akisoma tofauti, kwanza twamuuliza alifunzwa na nani.

Vita vilipozuka Khartum tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, tulizitazama picha za mitaa tuliyoijua tukiutafuta mti wake. Hatukuuona. Wakati ule alikuwa rika la mama yetu. Huenda alikwisha kutangulia mbele ya haki. Jina lake halisi hatukuwahi kumuuliza, na katika dua zetu twamtaja kwa Hajja tu.