Bibi Mwenye Ufunguo wa Hekalu

Wengi mmeniuliza mbona duka lilifungwa wiki tatu, na bibi harusi mmoja akanitumia ujumbe kutaka kujua kama nimehama Unguja. Sijahama. Nilikuwa nalala kwenye boti, Msumbiji.

Mume wangu ni fundi wa injini. Alipata kazi katika boti ya matanga iliyotia nanga Kisiwa cha Msumbiji, na mwenyewe alihitaji pia mtu wa kumshonea mito na turubai la kivuli. Nikabeba cherehani yangu ya mkono, tukaenda. Maisha ya botini yanachosha, nisiwadanganye. Maji ya kunywa kwa kipimo, kutawadha kwa maji ya bahari, na kibla kinakuhangaisha: kutoka pale Makka iko kaskazini hasa, lakini boti inazunguka nanga yake, unapiga takbira umeelekea sawa, ukitoa salamu unaiangalia Afrika Kusini.

Kisiwa chenyewe kina urefu wa kama kilomita 3 na upana wa nusu kilomita. Upande mmoja mji wa mawe, upande mwingine nyumba za makuti. Wareno walikifanya makao makuu yao mpaka 1898, na UNESCO wakakiingiza katika urithi wa dunia mwaka 1991. Kuna misikiti na makanisa, na wanawake wanatembea mjini nyuso zimepakwa msiro, mweupe pe! Ni mti unaosagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo, kama sisi na liwa yetu.

Siku niliyoshuka kutafuta uzi, nilipita ukuta uliomenyeka rangi, lango limefungwa kwa kufuli, na maandishi yasiyo ya Kireno wala ya Kiarabu. Nimezoea kusikia kengele ya hekalu la Hurumzi, kwa hiyo nilijua nipo mlangoni kwa nani. Lakini Hurumzi kuna watu. Hapa majani makavu yalikuwa yamejaa hadi kizingitini.

Bibi mmoja akaniita kutoka ng'ambo ya njia. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa Mmakua, na Mnero tulikokulia Kimakua kilisikika pamoja na Kimwera, basi tukaelewana nusu nusu. Kimakua cha pwani ile kina vionjo vyake. Yeye ndiye mwenye ufunguo. Ni Muislamu, kajifunga kapulana mbili, tasbihi mkononi. Baba yake alikuwa mtumishi wa Mabaniani, na walipoondoka walimwachia ufunguo.

Mabaniani hao walikuwa watu wa Diu, Gujarati. Mwaka 1686 kampuni yao ilipewa na Wareno haki ya peke yake ya biashara kati ya Diu na Msumbiji, na nguo ndizo zilizokuwa mali kubwa. Kisha Desemba 1961 India ikaitwaa Goa, Daman na Diu kutoka kwa Wareno. Wareno wakalipiza kwa Wahindi waliokuwa Msumbiji: wakawekwa kambini, mali zikachukuliwa, wengi wakafukuzwa. Sisi fundi cherehani tunajua methali ya Banyani mbaya kiatu chake dawa tangu skuli. Mimi sikuwahi kumfikiria huyo Banyani akifunga mlango wake mara ya mwisho.

Bibi hakutaka pesa. Aliniona na uzi mkononi, akasema: "Mwanangu, mvua inapiga mlango, mbao zinaoza. Nishonee kitu cha kuukinga."

Nikarudi botini na mzigo kifuani. Mume wangu alisema, "Mke wangu, hilo tuliache, si letu." Na hoja anayo. Mimi nashona magauni ya nikaha, jina langu liko hapo. Usiku ule nilifikiria sana. Sura ya An'am aya ya 108 inatukataza kuwatukana wale wanaoabudiwa na wengine, lakini kutotukana ni jambo moja na kushona ni jambo jingine. Pazia la ndani, la mbele ya masanamu, nisingelishona hata kwa dhahabu. Ila mlango wa nje? Mvua si ibada. Na yule bibi ameibeba amana ya baba yake miaka yote hiyo bila ya kwenda msikitini pungufu hata siku moja.

Nikamwambia mume wangu hivyo. Akanyamaza, akanywa chai, kisha akasema, "Basi tumia yale mabaki ya turubai, ila mwombe mwenye boti kwanza." Mwenye boti akaridhia. Nilipiga mishono miwili kila ukingo kwa uzi wa nailoni, nikatia pete za chuma pembeni ili bibi aweze kulikunja kiangazi. Mume wangu ndiye aliyepanda ngazi kupigilia ndoano. Ndani hatukuingia, wala bibi hakutukaribisha.

Najua kuna watakaonipinga, na karibuni, mradi kwa adabu.

Siku ya kuondoka alitufuata ufukweni na kijiti cha msiro kimefungwa katika kapulana, akasema cha bibi harusi wangu wa kwanza nitakayemvisha nikifika. Nimekisaga Ijumaa iliyopita. Kinanata kuliko liwa, na usikiache kikauke sana au kicheko kinapasua uso wote.