Usiende Norway, panda kosta ya Kyela

Watu wa Tunduma tunasafiri sana, hilo hakuna wa kutubishia. Kuna mtu hapa mtaani kwetu Lubumbashi anakwenda kama wewe unavyokwenda gengeni, na Lusaka kwake ni kama chumba cha uani. Lakini hebu muulize ni lini alisafiri kwenda kutazama tu. Kutazama! Atakuangalia kama umeanza kuokota makopo. Kwetu safari ina sababu nne: msiba, harusi, ugonjwa na biashara. Ukifunga begi bila mojawapo ya hizo, majirani wanaanza kunong'ona.

Mimi nilishanong'onwa siku nyingi, kwa hiyo sijali. Ila safari hii nilimchukua bi mkubwa wangu, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Bi mkubwa anauza mchele wa Kyela na dagaa wa Ziwa Nyasa, na wateja wake wengi wanatoka ng'ambo ya pili, Nakonde, upande wa Zambia. Mchele huo anaujua kwa harufu. Ukimchanganyia na wa kwingine anakurudishia gunia lako hapohapo na maneno juu. Lakini Kyela yenyewe alikuwa hajaiona hata siku moja. Mzigo unamfuata yeye, yeye haufuati. Nilipomwambia, "Mama, twende Matema, siku tatu tu," swali lake la kwanza likawa, "Nani amefariki?"

Nikamwambia hakuna aliyefariki, tunakwenda kuona ziwa.

"Ziwa limefanya nini?"

Ikabidi nimwonyeshe Norway. Kwenye simu yangu nina video za kule, maana ni ugonjwa wangu huo. Wenzetu wana kitu wanaita fjord, yaani ulimi wa bahari ulioingia bara katikati ya milima. Barafu nzito ya zama za kale ndiyo iliyochimba mabonde yale, na ilipoyeyuka bahari ikajaa ndani. Ulimi mrefu kuliko yote nchini humo, Sognefjord, una kilometa 205 hivi na kina chake kinapita mita 1,300. Miwili mingine, Geirangerfjord na Nærøyfjord, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2005. Meli za watalii zinafuatana humo kama malori yetu mpakani. Mtu anatoa pesa zake, anapanda meli, anatazama mlima ulivyozama majini, anakula samoni, anarudi kwao roho kwatu.

Bi mkubwa alitazama video mpaka ikaisha. "Na hao wote hawana msiba?" Hawana, mama. "Na sisi tunayo milima ya namna hiyo?" Tunayo, nauli yake ni ya kosta tu.

Basi tukaondoka Ijumaa alfajiri, baridi ya Tunduma ile inayouma masikio. Wasiotufahamu wanadhani mji wetu ni wa joto kwa sababu ya vumbi na kelele, kumbe tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukishaipita foleni ya malori, barabara ya kwenda Mbeya ni kilometa mia na ushee, na reli ya TAZARA iko jirani, ile iliyokabidhiwa mwaka 1976, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Vwawa, makao makuu ya mkoa wetu wa Songwe tangu ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, tuliipita bi mkubwa akiwa anasinzia. Nilimwamsha Mlowo.

Maana huwezi kupita Mbozi bila kusalimia kimondo. Wengi wetu tunakijua kwenye kitabu cha shule tu. Unachukua bodaboda mpaka kijiji cha Ndolezi, na hapo kilimani limelala dude la chuma lililotoka angani, urefu mita tatu, uzito unaokadiriwa tani 16. Ni miongoni mwa vimondo vizito kuliko vyote vilivyopatikana duniani. Asilimia kama 90 ni chuma, inayobaki sehemu kubwa ni nikeli. Lilianguka zamani mno kiasi kwamba wazee wa Kinyiha hawana hata hadithi ya siku lilipoanguka. Wataalamu wa kigeni walianza kulipigia kelele mwaka 1930, na ukilizunguka utaona mahali palipokatwa kwa msumeno kuchukua kipande cha kupima. Bi mkubwa alipapapasa pale palipokatwa kama anayepapasa kidonda cha mtoto. Akauliza kipande kimepelekwa wapi na wamelipa shilingi ngapi. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

Nifungue mabano kidogo kuhusu hili jina Songwe, maana wageni linawavuruga. Iko Songwe mto unaotiririka kwenda Ziwa Rukwa, na iko Songwe mwingine unaopita Ileje na Kyela, ukitutenganisha na Malawi, na kuishia Ziwa Nyasa. Kuna Mkoa wa Songwe. Halafu kuna Uwanja wa Ndege wa Songwe, ambao uko Mkoa wa Mbeya! Ukimwelekeza mgeni, mweleze vizuri asije akashuka siko. Nafunga mabano.

Pale Uyole unaiacha barabara kuu ya Dar es Salaam, unakata kulia kwenda Tukuyu. Hapo macho yanaanza kula kabla ya tumbo. Mlima Rungwe umekaa pembeni na kofia yake ya mawingu, unakaribia mita 3,000. Chini ni migomba, chai, viazi, parachichi, kijani mpaka unachoka. Mvua ya Tukuyu haina adabu, ilitunyeshea juu ya jua. Konda akafunga madirisha yote na sisi tukaiva ndani kama ndizi kwenye shimo. Watoto wanauza parachichi kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, na bei yake ukiilinganisha na ya Tunduma unapata hasira. Ziwa Ngosi lililo ndani ya kreta na Daraja la Mungu kule Kiwira tuliviacha kwa siku nyingine.

Kisha gari likaanza kuteremka. Masikio yanaziba, sweta linatoka, kitenge cha pili kinatoka. Unashuka zaidi ya mita 1,000 kutoka kwetu mpaka kule bondeni, na kila kona joto linaongezeka. Migomba inabaki, chai inaisha, inaingia mikakao na minazi na mashamba ya mpunga. Bi mkubwa akanyamaza kabisa. Alikuwa anautazama ule mpunga. Miaka yote amekuwa akiupima kwa kopo, leo anauona umesimama kwenye maji na mama mmoja ameinama ndani yake mpaka magotini. "Kumbe wanainama hivi," akasema. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mimi ninawabishia hamsini."

Kutoka Kikusya kupitia Ipinda siku hizi ni lami, hakuna tena ile habari ya kusukuma gari kwenye tope. Na pale lami inapoishia ndipo unapoiona Norway.

Sikiliza, sikupi chumvi. Ziwa Nyasa linafika mwisho wake wa kaskazini pale Matema. Upande wa magharibi ni tambarare, mchanga na minyasi. Upande wa mashariki ni Milima ya Livingstone, na milima ile haina subira. Haikuanza na vilima vidogo kama milima mingine yenye adabu. Imetoka majini moja kwa moja ikaenda juu zaidi ya mita 1,500, ukuta mtupu, na mawingu yamekaa katikati kama mkanda kiunoni. Unaweza kuogelea huku kivuli cha mlima kimekufunika. Kilichochimba hapa si barafu, ni Bonde la Ufa, ardhi yenyewe ilipasuka na kuzama. Kina cha ziwa hili kinafika mita 706. Sognefjord inatushinda kina, haya tumekubali. Lakini maji yao yanagandisha mifupa, na ya kwetu ni ya uvuguvugu na unaweza kuyanywea chai.

Jioni ile tulikaa mchangani. Mbali juu ya maji tukaona moshi mweusi unapanda mpaka mawinguni, bi mkubwa akadhani mashua inaungua. Kumbe ni kungu, vijidudu vidogo kama mbu visivyouma, vinaruka kwa mamilioni. Watu wa ziwani wanavikusanya, wanavikandamiza kama mkate na kuvila. Sisi hatukupata, nami sitadanganya kwamba nilisikitika sana. Usiku ulipoingia zikawaka taa za wavuvi wa dagaa, nyingi mno, ungesema mji mzima umehamia majini.

Chakula sasa. Kule Norway wanajivunia samoni wao anayetoka baharini kupanda mito kwenda kutaga. Ziwa letu lina mbasa, na yeye ana tabia ileile, anatoka ziwani anapanda mito, mpaka Wazungu wakamwita samoni wa Nyasa. Tulimla wa kuchomwa kwa makaa, chumvi na ndimu tu, pamoja na wali wa Kyela uliopikwa mlemle ulikolimwa. Asubuhi tukaletewa ndizi za kupikwa, mbalaga, na dagaa wabichi waliokaangwa wakiwa wametoka majini. Bi mkubwa anawajua waliokauka. Alipowaonja wabichi akaniangalia kama mtu aliyeibiwa. Kama una nafasi ya kumla mbasa mle sasa. Wavuvi wenyewe wanasema amepungua, kwa sababu watu wanamtegea nyavu kwenye midomo ya mito wakati ndipo anakwenda kutaga. Hapo ningependa wakubwa wanaohusika waje wale wali kidogo kisha wafanye kazi.

Jumamosi tukachapa lapa mpaka Lyulilo, si mbali, ukifuata ufuko kuelekea mlimani. Hapo kuna gulio la vyungu vya Wakisi. Vyungu vinafinyangwa na akina mama wa kijiji cha Ikombe, ng'ambo ya ukuta wa mlima, kwa mkono na udongo, vinachomwa kwa moto wa wazi, kisha vinapakiwa kwenye mitumbwi. Mtumbwi unakuja na vyungu vimepangwa mpaka usoni pa maji, na wapiga makasia wanaongea tu kama vile wamebeba pamba. Vingine vinasafiri mpaka Dar es Salaam. Siku hizi sufuria na ndoo za plastiki zimewabana, mama mmoja aliniambia binti zake hawataki tena kushika udongo.

Mama huyo huyo alimsalimia bi mkubwa, "Mwagonile," na baada ya habari za nyumbani akamuuliza, "Umekuja kuchukua mzigo gani, dada?"

Bi mkubwa akafikiri. "Sikuja kuchukua mzigo," akasema. "Nimekuja kutazama."

Yule mama akacheka, akamsogezea kigoda. Wakakaa wawili wakitazama ziwa, wakiongea bei za mpunga na vifo vya waume zao, karibu saa nzima, na mimi nikaenda kukodi mtumbwi. Niliporudi bi mkubwa alikuwa amenunua vyungu sita. Vya biashara, amesema, Nakonde vitatoka. Na hakubishia hata shilingi.

Sasa wewe unayetaka kwenda, nisikilize. Ondoka Ijumaa ili gulio la Jumamosi lisikupite. Machi mpaka Mei mvua za Kyela ni za kweli, acha. Mwezi wa sita mpaka wa nane upepo wa mwera unachafua ziwa, mtumbwi upande tu kama mwenyeji amekubali, na akikataa usimwonyeshe pesa. Usiogelee karibu na mdomo wa mto, mamba wapo. Beba neti. Ukinunua chungu, kipakate mwenyewe, usimpe konda akupandishie juu ya gari. Sisi tuliondoka navyo sita, Tunduma vimefika vitano.