Baada ya Arobaini, Mtoto Asiyetosheka



Katika nyumba zetu za pwani, mzazi huenziwa siku 40. Hukandwa kwa maji ya moto, hupewa uji wa pilipili manga, hupikiwa na kufuliwa, na mtoto hupokewa na mikono mingi. Ikitimia arobaini, mzazi hutoka ndani amefukizwa udi, wageni hula wakaaga, na kila aliyekuja kusaidia hurejea kwake. Nimeona kwa miaka mingi kwamba dhiki ya mzazi aghalabu huanza hapo, siku mbili tatu baada ya sherehe. Mtoto aliyekuwa akinyonya na kulala ghafla haachii titi. Hunyonya, husinzia kidogo, kisha huamka akilia na kutaka tena, hususan kuanzia alasiri hadi usiku wa manane.

Watu husema ni jicho la hasidi. Mimi nasema tuhesabu kwanza. Wiki sita ni siku 42, na wataalamu wa malezi huitaja wiki ya sita kuwa miongoni mwa nyakati ambazo mtoto hukua kwa kasi. Nyakati nyingine ni wiki ya pili au ya tatu, mwezi wa tatu na mwezi wa sita. Watoto hawafuati kalenda; huyu hutangulia, yule huchelewa. Hali yenyewe hudumu siku mbili tatu, pengine wiki nzima, kisha hupita. Kwa hivyo mikono ya msaada huondoka katika wiki ile ile ambayo mzazi anaihitaji zaidi.

Mwaka juzi binti yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza nyumbani kwetu, kama ilivyo ada, na baada ya arobaini akarudi kwa mumewe. Usiku wa tatu simu ililia. "Baba," akaniambia huku akilia, "maziwa yangu yamekauka. Tangu magharibi mtoto yuko kifuani, nikimtoa analia. Hapa wote wanasema ana njaa, na kopo la maziwa ya unga limeshanunuliwa."

Nikampa mamake simu, kwani jambo hili lina wajuzi wake. Ahali yangu hakumuuliza habari ya maziwa hata kidogo. Alimuuliza, "Tangu jana usiku kama huu, umebadilisha nepi ngapi za mkojo?" Binti akahesabu; zilikuwa saba. "Basi mwanangu, kinachotoka ndicho kilichoingia. Maziwa unayo. Mnyonyeshe."

Jibu hilo lina elimu ndani yake. Baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee na akalowesha nepi sita au zaidi kwa siku, huku uzito wake ukipanda, anapata maziwa ya kumtosha. Titi halifanani na mtungi unaojazwa ukangoja kumiminwa. Kadiri linavyonyonywa ndivyo linavyotengeneza, na homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Mtoto anayenyonya mfululizo anaagiza maziwa ya kesho. Akipewa chupa mahali pa titi, atashiba na kulala, lakini agizo lake halifiki. Kesho maziwa huwa machache zaidi, na mama aliyekuwa na shaka tu huona shaka yake imethibiti. Tena, yafikapo majuma sita matiti huwa laini kuliko mwanzo. Ulaini huo huwa ni dalili kwamba mwili umeshazoea mahitaji ya mtoto. Haumaanishi kwamba maziwa yamekauka.

Asubuhi nilizungumza na mkwe wangu. Nilimkumbusha Suratul-Baqara, aya ya 233. Humo imetajwa miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza, na papo hapo baba akabebeshwa chakula na mavazi ya mama, kisha ikakatazwa mama kutiwa taabuni kwa sababu ya mwanawe. Wanaume wengi twaishika miaka miwili na kuwahimiza wake zetu, lakini sehemu inayotuhusu sisi twaipita mbio. Kijana yule alisikia. Wiki ile alibaki nyumbani jioni, akawa anamletea mkewe maji na chakula pale anaponyonyesha, na kumbeba mtoto kati ya kunyonya na kunyonya ili mama apate lepe la usingizi. Mama yake naye, ambaye tangu mwanzo alitaka heri tu, alirudisha uji wa pilipili manga jikoni. Siku ya tano mtoto alitulia. Alipopimwa kliniki wiki iliyofuata, mstari wa uzito katika kijitabu chake ulikuwa umepanda. Lile kopo halikufunguliwa.

Wapo akina mama ambao maziwa yao kweli hayatoshi, na daktari huwaelekeza la kufanya. Hao hawana lawama. Wala si kila kilio ni cha kukua. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa, au anayekataa kunyonya, aliyelegea, aliyepungukiwa na mkojo, anayetapika kijani au ambaye utosi wake umebonyea, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Wala asipewe maji wala uji kabla ya miezi sita kwa kudhani kwamba maziwa hayamtoshi. Na hali hii ikiangukia Ramadhani, sharia imempa ruhusa mwenye kunyonyesha kufungua akiogopea nafsi yake au mtoto wake, naye atalipa baadaye. Katika madhehebu yetu ya Shafii, aliyefungua kwa kumhofia mtoto pekee hulipa na kutoa fidia. Asione haya kuitumia ruhusa ya Mola wake.

Ombi langu kwa kila nyumba yenye mzazi ni dogo. Arobaini ni ada tu, na ada hupangwa na watu. Tuiongeze wiki moja. Nyanya abaki, wifi aje na sufuria ya mchuzi, baba awahi kurudi nyumbani. Na mwenye kuingia asiulize kama maziwa yanatosha. Aulize mzazi amekula nini.

Wabillahi tawfiq.