Spika ya Sebuleni Haikunisahau

Wacha nianze na aibu yangu ndio tuelewane.

Jumapili moja jioni tulikuwa na wageni nyumbani: shangazi, mjomba, na watu wawili wa kanisa la Mathee. Mimi nilikuwa chumbani, mlango nimefunga. Beshte yangu akanitumia ujumbe wa sauti. Nikabonyeza, simu nikaiweka sikioni. Kimya. Nikaongeza sauti. Bado kimya. Nikaongeza mpaka mwisho.

Kumbe sauti ilikuwa inatoka, tena vizuri sana. Sebuleni. "Manze, hii ni wiki ya sita. Utawaambia wazazi lini kwamba uliacha kozi?"

Naapa nilisikia vikombe vya chai vikiwekwa chini. Halafu Mathee, kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko kelele: "Hebu kuja hapa kidogo."

Nimefikiria sana venye ilitokea. Ndugu yangu aliwasha spika ili wageni wasikize nyimbo za injili. Spika hiyo niliwahi kuiunganisha na simu yangu mara moja tu, miezi minane kabla, siku ya bathdei ya siz. Mimi nilikuwa nimesahau. Yenyewe haikuwa imesahau.

Hivyo ndivyo Bluetooth inavyofanya kazi. Vifaa viwili vikiunganishwa mara ya kwanza vinakubaliana ufunguo wa siri, na kila kimoja kinauweka. Siku vikikutana tena, hata kama viko mita kadhaa na kuna ukuta katikati, vinaweza kushikana vyenyewe bila kukuuliza. Unaona ni raha juu visikizi vyako vinashika ukivitoa tu kwa kasha. Lakini raha hiyo hiyo ndiyo iliniweka mbele ya shangazi.

Zamani haikuwa hivi. Kama ulisoma praimari enzi za kutumiana nyimbo kwa Bluetooth, unakumbuka: mnaweka simu mbili karibu, mnangoja dakika mzima kwa wimbo mmoja, na kabla haujaingia simu inauliza, "Kubali au Kataa?" Kila wimbo uliombewa ruhusa.

Teknolojia yenyewe ilianzia kampuni ya Ericsson kule Sweden mwaka wa 1994, shida ikiwa ni waya tu. Jina likatoka kwa Harald, mfalme wa kale wa Denmark aliyeitwa kwa utani Jino la Bluu, anayekumbukwa kwa kuunganisha watu wake. Mimi aliniunganisha na kikao cha familia.

Halafu mwaka wa 2010 ikaja aina inayotumia nguvu kidogo sana, mpaka kifaa kinaweza kukaa mwaka mzima na betri ndogo kama sarafu. Hapo ndipo vitu vilianza kuongea: saa, mizani, vifaa vya kusaidia wasiosikia vizuri, hata vile vya kupima sukari vinavyobandikwa mkononi na kutuma vipimo kwa simu. Hiyo siwezi kuidharau. Kuna watu inawasaidia kuishi.

Lakini pia kuna vile vidude vya kufuatilia vitu. AirTag ilitoka mwaka wa 2021. Haina GPS ndani. Inapiga kelele kimya kimya, na simu za wapita njia, za watu hata hawajui, zinaripoti imesikika wapi. Ukiiweka kwa funguo zako, safi. Mtu mwingine akiidondosha ndani ya mkoba wa msichana, hiyo ni hatari. Ndio maana Mei 2024 Apple na Google zilileta pamoja mfumo wa kukuonya, uwe na iPhone ama Android, kama kifaa usichokijua kinatembea na wewe. Ukiona onyo hilo, usilifute haraka ukidhani ni tangazo.

Sisemi tuzime kila kitu turudi kwa waya. Ninachosema ni hiki: kuunganisha sasa ni kazi ya mashine, lakini kusahau bado ni kazi yetu. Usiku ule nilifungua orodha kwa simu yangu nikapata vifaa 14. Spika ya eksi. Gari la dereva wa teksi. Televisheni ya hosteli niliyohama. Kimoja sikijui hadi leo. Nikabonyeza "sahau" mara kumi na mbili.

Kuhusu kozi, Mathee hakuniongelesha siku mbili. Siku ya tatu Buda akaniuliza, "Sasa wewe unataka kufanya nini?" Hakuwa amewahi kuniuliza hivyo. Watu wananiambia basi spika ilinisaidia. Hapana. Siri ilikuwa yangu, na nilitaka niwaambie mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa tayari.

Fungua yako sasa hivi, uhesabu. Uko na ngapi?