Korosho Nilizozipeleka Nyamira



Nimelelewa Kilifi chini ya mikorosho, na kwa mtoto wa pwani mti huo hauhitaji kuelezwa. Wareno waliuleta kutoka Brazil katika karne ya 16, nao ukauzoea mchanga wetu kana kwamba ulikuwapo tangu kale. Mzizi wake huzama mbali ardhini, ndiyo maana kiangazi kinapokausha mahindi, wenyewe hubaki na majani mabichi. Mabibo tukiyala, korosho tukizichoma, na gundi ya shina tukigandishia majuzuu yaliyochanika chuoni. Mwenyezi Mungu amekusanya neema nyingi katika mti mmoja.

Katika ujana wangu nilikwenda Kisii kusomesha, na kila Jumamosi nikifika Nyamira kwa familia chache za Waislamu. Walinikirimu mno, sikuondoka ila na mkungu wa ndizi. Nikaona haya kupokea tu pasi na kutoa. Niliporudi kutoka likizo nilichukua mfuko wa korosho zenye maganda, nikampa mama wa nyumba mojawapo, nikamwambia, "Hizi ni mbegu za kwetu, na pia huliwa." Sikuongeza neno.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mwanawe, mtoto wa miaka sita, midomo imevimba na kubabuka. Aliivunja korosho mbichi kwa meno. Ganda lake lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Ni mafuta hayo hayo yapakwayo mbao ili zisiliwe na mchwa. Mtoto wa Kilifi huyajua haya kabla hajaijua alifu. Wa Nyamira angeyajuaje?

Lililoniuma zaidi ni kwamba mama yule alikuwa akilaumiwa na mama mkwe wake kuwa hamwangalii mtoto. Naye alinyamaza, hakunitaja, kwa kumstahi mwalimu.

Nilikaa mbele ya yule mzee nikasema, "Bibi, kosa ni langu. Mkazamwanao hana hatia."

Akanitazama kwa muda. "Mwalimu," akasema, "mimi nimekwisha kumwambia maneno mabaya. Nitayarudishaje?"

Sikuwa na jibu. Aliinuka mwenyewe, akaenda jikoni kwa mkwewe, na mlango ukafungwa.

Mtoto alipona, alhamdulillahi. Mbegu mbili walizozipanda ziliota, lakini hazikuzaa kamwe. Vilima vile vya baridi na mvua, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, si makazi ya mti upendao joto. Sikuwa nimewaeleza tunda, wala sikuwa nimeiuliza ardhi yao.

Mama na dada zangu, mnapowapelekea jamaa wa bara korosho, pelekeni zilizokwisha kubanguliwa. Mkichoma wenyewe, chomeni nje, watoto wawe mbali na moshi, na zipoe kabla ya kuvunjwa. Mafuta yakigusa ngozi, osheni kwa sabuni na maji mengi, wala msiguse macho. Yakiingia mdomoni, mpelekeni mtoto kwa daktari.

Zawadi na maelezo yake ni amana moja. Na anayejua kwamba mwingine analaumiwa kwa kosa lake, asingoje Jumamosi ijayo.