Saa Nne za Barabara

Miaka ya tisini, safari ya Mogogosiek ilikuwa safari hasa. Bomet ilikuwa imemegwa kutoka Kericho mwaka 1992 ikawa wilaya, ila njia za katikati ya majani chai zilibaki zilezile za udongo, na mvua ya alasiri, mara nyingi ya mawe, ilizigeuza utelezi mtupu. Huko ndiko nilikowapeleka wanafunzi wangu wa udaktari kutoka Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ambako tangu mwanzo masomo yaliwataka watoke wodini wakae vijijini.

Niliwafundisha patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu wa uzazi. Mstari wake wa tahadhari na ule wa kuchukua hatua ilibuniwa na Philpott na Castle mjini Harare, enzi hizo Salisbury, wakaichapisha mwaka 1972. Wa kwanza ulipanda sentimita moja kila saa. Wa pili ulichorwa saa nne mbele yake. Mlango wa kizazi ukichelewa kufunguka, alama zilivuka mstari wa kwanza, na mkunga wa kituo kidogo alijua ni wakati wa kumsafirisha mama. Zile saa nne zilikuwa za barabara. Darasani Eldoret wanafunzi walizikariri tu. Mogogosiek, mawe yakipiga bati na gari halijulikani liliko, walizielewa. Naipenda karatasi ile mpaka leo, maana walioichora walijua hospitali iko mbali.

Lakini karatasi huanza mama anapofika, na uchungu umeanza zamani.

"Ulianza saa ngapi?" mwanafunzi mmoja alimuuliza mama aliyefika kituoni Mogogosiek. Mama akanyamaza. Mwanafunzi akaandika "hajui".

Sista wa zamu, Mkipsigis wa makamo, hakukubali. Alivuta kiti, akamsalimu, "Chamgei," kisha akauliza mambo ya nyumbani. Ng'ombe walikuwa wamekamuliwa? Gari la majani lilikuwa limeshapita kituoni? Mama akafunguka. Chupa ya uzazi ilipasuka kabla ya kukamua. Uchungu ulimkamata shambani, kikapu kikiwa nusu, naye akaendelea kuchuma hadi akakijaza. Basi maji yalikuwa yametoka tangu alfajiri, na sasa ilikuwa jioni: hatari ya maambukizi ilikuwa mbele yetu, na "hajui" ingeificha.

Sista akaendelea na watoto waliotangulia, akiwataja kwa majina, maana majina ya Kikipsigis husema wakati wa kuzaliwa. Chepngetich alikuja ng'ombe wakienda malishoni. Kiprono, mbuzi wakirudi jioni. Uchungu wa Kiprono je, ulianza lini? Jana yake, mama akasema, kabla ya jua. Na alilia alipozaliwa? Hapo mama aliinamisha kichwa. Kiprono hakulia, na hakuishi. Kwenye kadi ya kliniki hapakuwa na neno hata moja juu yake.

Mwanafunzi alichukua tena kalamu yake akaandika upya, ukurasa mzima. Alama zilipogusa mstari wa tahadhari hatukungoja. Tulimwombea mama nafasi kwenye pikapu iliyokuwa ikielekea hospitali ya Tenwek, sista akapanda naye.

Tangu mwaka ule, katika mtihani wangu wa vitendo, aliyeandika "hajui" kwenye saa ya kuanza uchungu alirudishwa kitandani kwa mama kuuliza tena, hata kama wenzake wote walikuwa wameshamaliza.